Kabla hujazika pesa zako ushago, iulize ardhi

Kijana mwenzangu, najua kwenye kikundi chenu cha WhatsApp kuna mtu aliyewahi kutuma video ya shamba la parachichi. Miche imepangwa safu kwa safu, mwenye shamba kavaa gambuti mpya, na chini yake kuna hesabu: miti mia moja, mara matunda kadhaa, mara bei. Unazidisha kwenye simu ukiwa ndani ya matatu, na kabla hujafika Githurai tayari wewe ni milionea.

Nami nilizidisha hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2021 nilichukua akiba ya miaka miwili nikanunua miche 80 ya Hass, nikaipanda kwenye shamba la shosho huko Murang'a, kule chini ukishuka kuelekea Makuyu. Sababu yangu ilikuwa moja tu: shosho alilima kahawa hapo, na kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha mama. Nikajiambia, ardhi iliyokubali kahawa itakubali chochote.

Haikukubali. Unakumbuka ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo maeneo kame ya nchi yalikosa mvua misimu mitano mfululizo? Sisi hatukukaukiwa kama watu wa Marsabit, ila mvua ilikuwa ya kudokoa. Nami nilikuwa Nairobi, mkulima wa simu. Kufikia mwisho wa 2022 miche 19 ndiyo iliyobaki hai, yote ikiwa karibu na kijito.

Ni rahisi kulaumu mvua. Lakini kosa lilikuwa langu: sikuuliza kama ardhi ile bado ni ile aliyoijua mama akiwa mtoto.

Mambo mengi tunayoamini kuhusu mashamba ya kwetu yanatoka enzi nyingine. Mapema miaka ya 1980, Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt waliandaa kitabu kikubwa cha Wizara ya Kilimo kilichogawa Kenya kwa kanda za kilimo kulingana na joto na mvua: hapa chai na ng'ombe wa maziwa, pale kahawa, kule mahindi, kule mifugo. Ilikuwa kazi safi. Shida ni kwamba ardhi ilibaki palepale, hali ya hewa ikahama.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukipanda mlima, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mita 100. Kwa hivyo joto likiongezeka kwa nyuzi moja, mmea unaotaka baridi yake ya zamani itabidi uifuate juu kiasi cha mita 160. Kwa boda hizo ni dakika chache tu. Lakini shamba halina magurudumu, na lililokuwa ukingoni mwa kanda ya kahawa, kama la shosho, ndilo linaloachwa kwanza.

Hata walio juu hawajanusurika. Mnamo 2011, watafiti wa kituo cha CIAT walikadiria kuwa eneo bora la chai nchini, ambalo lilikuwa kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, litasogea hadi kati ya mita 2,000 na 2,300 kufikia 2050. Sasa jiulize, huko juu kuna nini? Kuna misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Chai ikifuata baridi yake, itaula msitu. Na usiseme hayo ni ya watu wa ushago: maji mengi unayooga nayo Nairobi yanatoka Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini.

Ndiyo maana hunikera kuona viongozi wakigawa miche ya bure mbele ya kamera bila kumwambia mkulima kama mti huo utakifaa kijiji chake miaka 20 ijayo. Mahindi ni uchumba wa msimu mmoja. Yakikataa, mwaka ujao unapanda mtama au ndengu. Kahawa, chai na parachichi ni ndoa. Huwezi kuingia ndoa kwa kutazama picha ya harusi ya mtu mwingine.

Utaniambia wazee walilima bila ramani wala watafiti. Kweli, mgala muue na haki yake mpe. Miaka mingi kabla sijaleta Hass zangu, shosho alikuwa amekwisha kung'oa mibuni ya upande wa chini akapanda maembe na mbaazi. Mimi nilidhani ni bei ya kahawa iliyomchosha. Nilipomuuliza, tayari nikiwa nimepoteza doh, alinijibu kuwa mvua ilivurugika, maua ya kahawa yakawa yanatoka ovyo ovyo, leo tawi hili, mwezi ujao lile, na huwezi kulipa vibarua wachume debe moja moja. Alikuwa ameipima ardhi yake kwa macho. Hakuna mjukuu aliyemuuliza.

Basi wewe uliza. Peleka udongo ukapimwe, KALRO Kabete wanapima. Angalia kwenye simu shamba liko mita ngapi juu ya bahari, ulinganishe na mahitaji ya mmea wako. Soma utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa. Tembelea shamba Februari kijito kikiwa kimepungua, si Mei kila kitu kikiwa kijani. Halafu keti na mzee wa hapo, umuulize alichoacha kupanda, na kwa nini.

Pesa zangu hazikurudi. Zako bado ziko kwenye simu.