Maneno ya Mashua Ambayo Kila Mama Ayajue



Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunapanda mashua kila mara: tunaleta mananasi toka Idjwi, mihogo na ndizi toka Minova, tunauza Goma na Bukavu. Lakini mabaharia wakipaza sauti, wengi wetu tunakaa tu juu ya mizigo bila kuelewa. Basi juma hili tujifunze maneno yao.

Omo ni mbele ya mashua. Tezi ni nyuma, kwenye usukani. Ngama ni chini kabisa, maji yanapokusanyika. Ndiyo maana wazee husema: kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Ukiona kijana anateka maji ngamani bila kupumzika, uliza kabla ya kulipa: hayo maji yanaingilia wapi?

Shehena ni mizigo yote. Ikizidi, ubavu wa mashua unashuka karibu na maji. Huko Uingereza, Samuel Plimsoll alipigania sheria ya mwaka 1876, meli zichorwe mstari ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Mashua zetu nyingi za mbao hazina mstari huo, kwa hiyo tuangalie wenyewe. Maji yakikaribia ukingo wakati bado wanapakia, tushuke. Soko la kesho litakuwepo.

Wakisema mashua inalala, imeinamia upande mmoja. Tusikimbilie wote upande wa pili, maana hapo ndipo inapopinduka. Tukae chini, tushike watoto, tumsikilize nahodha.

Jile ni koti la kuokolea maisha. Tulivae tangu bandarini, na mtoto apate la kipimo chake. Jile la mtu mzima humteleza mtoto kichwani.

Manifesti ni orodha ya majina ya abiria. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Msiba wa namna hiyo ukitokea na majina hayakuandikwa, jamaa hawajui wamtafute nani, wala wapi. Tuandikishe majina yetu na ya kila mtoto, hata yule wa mgongoni.

Katika mkutano wa kikundi, tuulizane maneno haya na kuwafundisha mabinti zetu. Safari njema, na tuonane juma lijalo.