Likizo ya Desemba: Wazazi nao wapeane zamu ya kupumzika

KILA Desemba shule zinapofungwa, mabasi yatokayo Nairobi na Mombasa hujaa familia zinazokwenda Malindi. Wenye uwezo hufikia hotelini, lakini wengi huenda kwa wazazi wao katika vijiji kama Ganda, nje kidogo ya mji. Huko Ulaya nako huwa ni baridi kali, na Waitaliano humiminika Malindi kuota jua. Kila mtu husema anakwenda kupumzika. Je, ni nani hasa anayepumzika?

Itazame siku moja ya likizo hiyo. Mama aliyefanya kazi ya ofisi mwaka mzima huamka alfajiri na kuingia jikoni. Nazi zikunwe, sima isongwe, watoto waogeshwe, wageni waandaliwe chai. Baba naye, akiisha kuwaamkia wazee, huaga kwamba anakwenda kuonana na wenzake. Atapatikana chini ya mwembe, au kwenye mangwe akinywa mnazi, hadi jua litue. Hakuna amwulizaye alikokuwa. Huyo tayari anayo siku yake ya peke yake, ila haiiti hivyo. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Mwanamume hutumia muda usiofika saa moja. Likizo haipunguzi saa hizo. Aghalabu huziongeza, kwa kuwa watoto hawako shuleni na vinywa vya kulishwa ni vingi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa kupindukia katika orodha yake ya mambo yanayoathiri afya, lakini likauhusisha na kazi ya ajira pekee. Kazi ya jikoni haikuhesabiwa. Mwili, hata hivyo, hautofautishi kazi ya mshahara na isiyo na mshahara. Mtu akikosa usingizi na utulivu kwa muda mrefu, kichwa humuuma, hasira humjia upesi na shinikizo la damu huweza kupanda. Wa kwanza kuumia ni watoto, ambao hufokewa kwa makosa madogo.

Maoni yangu ni kwamba wazazi wapeane zamu. Likizo ikiwa ya siku kumi, kila mmoja apate siku mbili kamili za peke yake, na zilizosalia familia iwe pamoja. Huko kwenye milima ya Alps wazazi wengi hufanya hivyo: mmoja huteleza kwenye theluji, mwingine hubaki na watoto. Kwetu hakuna haja ya gharama kubwa. Mama apande tuktuk aende ufuoni, azuru magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, au alale tu kwa rafiki yake mpaka adhuhuri.

Zamu hii huokoa maisha pia. Wazazi wawili wakikaa ufuoni pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayewatazama watoto. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Penye zamu, mwenye wajibu hujulikana, wala hana wa kumsingizia.

Najua wasomaji wengine watauliza: wakwe watasema nini wakimwona mke wa mtoto wao akitoka peke yake? Ndiyo maana neno hilo lisemwe na mume mwenyewe, tena mapema, mbele ya mama yake. Kisha abaki na watoto kwelikweli. Kumwachia nyanya, yaya au binti mkubwa kazi yote si zamu, ni kuuhamisha mzigo. Asimpigie mkewe simu kila nusu saa akiuliza nguo za mtoto ziko wapi. Mzazi anayelea peke yake naye anaweza kubadilishana siku na dada au kaka yake.

Tusidanganyane, lakini, kwamba siku moja ya bahari ni dawa ya kila kitu. Mama aliyejifungua karibuni, ambaye huzuni imemkalia zaidi ya majuma mawili, apelekwe hospitali.

Kwa wengine wote, mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kukata tikiti ya basi. Kalenda iwekwe mezani, na siku za mama ziandikwe kwanza, maana za baba hazijawahi kukosekana.