Umem-save Fundi Wako kwa Jina Gani?

Wasee, leo najisema mwenyewe kabla hamjaanza kwa komenti.

Mnaikumbuka ile taa niliposti, ya bedsita yangu hapa Umoja? Juu ni taa ya mbele ya gari kuukuu, katikati paipu ya maji, chini diski ya breki ndiyo isianguke. Fundi alitoa balbu ya gari akaweka ya LED. Nikaandika "Italia ndogo, Eastlands." Mkaipenda vibaya. Wengine mkauliza nimeitoa wapi, nikajibu "siri."

Siri yenyewe ni mzee mmoja wa jua kali pale Kamukunji. Kazi yake ya kila siku ni masanduku ya shule na toroli. Juzi nimepita kwake, akaweka nyundo chini.

"Kijana, binti yangu amenionyesha ile taa kwa simu. Watu wameipenda sana. Sasa mimi niko wapi hapo?"

Sikuwa na jibu.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo stori ya Italia naijua vizuri. Mwaka wa 1962, ndugu wawili wa Milan, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walitengeneza taa inaitwa Toio. Juu ni taa ya gari. Waya inapitia kwa vile vipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Chini wameacha transfoma wazi, uzito wake ndio unaishikilia. Yaani vitu unaweza okota Grogan, vikashikanishwa na watu wenye akili. Hadi leo inauzwa, na ndugu hao wanajulikana. Mzee wangu hajawahi kuisikia Toio. Alifika hapo na kichwa chake.

Kuna mwingine, Gino Sarfatti, alizaliwa Venice 1912. Alienda chuo Genoa kusomea uhandisi, pesa ya nyumbani ikaisha, akaacha. Sasa mnaelewa kwa nini nampenda, ingawa kuacha chuo si sifa, mimi karo ilinishinda tu. Taa yake ya kwanza aliitoa kwa vasi ya kioo. Mwaka wa 1939 akafungua kampuni yake, Arteluce. Ile taa yake ya kuning'inia ya 1958 inaitwa 2097, basi. Chuma katikati, mikono ya shaba pande zote, balbu tupu 30 au 50, na waya zimeachwa zikining'inia wazi. Fundi wetu akikuletea waya nje hivyo utamwambia amalize kazi kwanza.

Taa za Sarfatti zilipewa namba, jina likabaki lake. Sisi tumegeuza. Taa tunaipa jina tamu la kuposti, mwenye kuitengeneza tunabaki naye kama namba ya simu. Fungua simu yako sasa hivi. Ame-seviwa vipi? "Fundi Kamukunji." "Fundi Taa 2." Mimi pia.

Halafu bei. Mtu huyo huyo akiingia duka la taa tao, analipa bei iliyoandikwa bila kukohoa. Akifika Kamukunji anataka apunguziwe mpaka ibaki bei ya chuma, kama vile wazo lilikuja bure.

Najua mtaniambia kazi ya jua kali haimaliziki vizuri. Ni kweli, saa zingine. Kingo hukata mkono, na waya lazima fundi wa stima aangalie, stima haina mchezo. Lakini nani atajisumbua kupiga msasa kitu ambacho hakuna mtu atajua ni chake?

Kwa hivyo ukienda Kamukunji, kabla ya bei uliza jina. Ukiposti, liandike, kama amekubali.

Nilirudi kwa mzee kuomba msamaha nikamuuliza kama naweza weka lake hapa. Akakataa. Alisema lianzie kwa taa kwanza, watu walisome kwa chuma, ndiyo lije kwa simu. Anatafuta herufi za kugonga chini ya diski.

Taa yangu nimemrudishia ikuwe ya kwanza. Leo usiku bedsita iko na balbu moja kwa dari. Nitawaposti ikirudi, na hiyo siku sitasema ni siri.