Jimbo likifutwa, nani hukabidhi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu majimbo ya uchaguzi ya huku kwetu Mpanda, ambayo yamekuwa yakizaliwa na kufa bila kuacha kumbukumbu ambayo mwananchi wa kijijini anaweza kuishika mkononi na kuisoma.

Katika uchaguzi wa mwaka 2005 Wilaya ya Mpanda, wakati huo ikiwa chini ya Mkoa wa Rukwa, ilikuwa na majimbo matatu: Mpanda Mashariki, Mpanda Magharibi na Mpanda Kati. Leo hakuna hata moja. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2010 mahali pake palikuwa na Mpanda Mjini, Mpanda Vijijini na Katavi. Mwaka 2012 tukapata Mkoa wetu wa Katavi, na katika uchaguzi wa mwaka 2015 majimbo yakawa matano kwa kuongezeka Nsimbo na Kavuu. Mwaka 2025 Mpanda Vijijini nalo likapewa jina jipya la Tanganyika. Mkazi wa Kibaoni ambaye hajahama nyumba yake amekuwa mpiga kura wa Mpanda Mashariki, kisha wa Katavi, kisha wa Kavuu, yote hayo katika chaguzi tatu tu zilizofuatana.

Majimbo hayo yaliyokufa hayakuwa ya kubezwa. Mbunge wa Mpanda Mashariki alikuwa Ndugu Mizengo Pinda, aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu mwezi Februari 2008. Jirani yake, Mpanda Kati, mwaka 2005 lilimchagua Ndugu Said Arfi wa CHADEMA, na mwaka ule chama hicho kilishinda majimbo matano tu katika nchi nzima. Basi wilaya moja ilikuwa na Waziri Mkuu upande huu na mbunge wa upinzani upande ule, na wananchi wakaendelea kuoana, kuzikana na kuuziana mpunga katika soko lile lile. Hilo ni somo kubwa la uraia. Lakini ukimuuliza mtoto wa darasa la saba leo Mpanda Kati ilikuwa wapi, atakutazama tu. Wala si kosa lake. Sisi walimu tunatakiwa tumfundishe historia ya nchi kuanzia pale anapoishi, na kuhusu jimbo lake hatuna hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha.

Wako wazee hapa wanaokumbuka uchaguzi wa enzi za chama kimoja, ulioanza mwaka 1965, ambapo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Wanajua habari za wagombea waliopita vijijini mwao na ahadi walizotoa. Kila mwaka tunawazika baadhi yao. Na maandishi nayo yametawanyika, kwa sababu Mpanda ilikuwa upande wa Tabora mpaka Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, ndipo mambo yetu yakahamia Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilomita 200. Sasa makao yamerudi Mpanda. Mwenye kutafuta habari za zamani aanzie wapi?

Wengine watasema haya ni mambo ya wasomi, kwani mwananchi anataka maji na dawa, hataki historia. Mimi nasema maji na dawa ndivyo hasa vinavyopotea. Mwalimu Mkuu akihamishwa, hawezi kuondoka kabla ya kukabidhi. Huhesabiwa madawati, vitabu na funguo, na deni la shule huandikwa, kisha wawili hao hutia sahihi. Hata mtunza ghala wa chama cha msingi hufanya hivyo. Lakini jimbo zima likifutwa, mwananchi haoni makabidhiano yoyote. Kijiji kilichokuwa kimeahidiwa kisima na mbunge wa jimbo la zamani hujikuta katika jimbo jipya lenye mbunge mpya, naye husema kwa haki kabisa kwamba ahadi ile hakuitoa yeye. Wananchi waliokwisha kuchanga mawe na mchanga wanaanza upya.

Watasema pia kwamba taarifa rasmi za Bunge zipo Dodoma na mipaka imo katika Gazeti la Serikali. Ni kweli. Lakini Gazeti la Serikali haliandiki kisima kilichobaki nusu, na mkulima wa Inyonga au mvuvi wa Karema hawezi kupanda basi hadi Dodoma kwenda kusoma yaliyosemwa kwa niaba yake.

Sipingi kugawa majimbo. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume ichunguze mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi. Watu wa Katavi walihesabiwa 564,604 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 1,152,958. Vilevile wako ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, waliotoka Burundi kuanzia mwaka 1972 na wakapewa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hao nao wana haki ya kujua jimbo wanalopigia kura lilitoka wapi. Kwa ongezeko kama hili, majimbo yatazidi kubadilika, na kwa sababu hiyo utaratibu unahitajika sasa.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri ya mkoa wetu iwe na daftari la jimbo, lenye kata zake, majina ya wabunge wote na miaka yao, na ahadi zilizotolewa hadharani, na mwananchi yeyote aruhusiwe kulisoma. Pili, jimbo likigawanywa au kufutwa, mbunge anayeondoka na Mkurugenzi wakabidhi kwa maandishi kazi zilizobaki, kijiji kwa kijiji. Tatu, nakala ipelekwe katika kila shule, na wanafunzi wenyewe watumwe kwa wazee kuandika yale ambayo hayamo ofisini. Kazi hii haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji daftari, kalamu na kiongozi asiyeogopa ahadi yake kusomwa baada ya miaka kumi.

Majina yabadilike kadiri Tume itakavyoona inafaa. Deni la mwananchi lisifutwe pamoja na jina.

Mwalimu wa Kijijini,
Mpanda, Katavi.