Vita vya ruzuku za utafiti huamuliwa nyumbani

WAPIGA kura nchini Kenya wanafahamu vyema kwamba katika ngome ya chama, kinyang'anyiro halisi si uchaguzi mkuu bali ni mchujo. Anayenyimwa tiketi na wakuu wa chama hapati nafasi ya kupimwa na umma, hata akiwa na sera bora kuliko mwenzake aliyepewa.

Watafiti chipukizi wa sayansi ya tiba nchini Marekani wamo katika hali isiyo mbali na hiyo. Baadhi ya ruzuku wanazozitamani zaidi, ambazo hutolewa na wakfu za kibinafsi, haziombwi na mtafiti kwa hiari yake. Ni sharti chuo chake kimteue kwanza. Na kwa kuwa kila chuo hupewa nafasi moja au mbili tu, wengi huanguka kabla ya majina yao kufika mezani pa mfadhili.

Chukua mfano wa ruzuku ya Pew, iliyoanzishwa mwaka wa 1985 na shirika la The Pew Charitable Trusts lenye makao yake mjini Philadelphia. Humpa mtafiti dola 300,000 kwa kipindi cha miaka minne. Takriban vyuo na taasisi 200 huteua, kila moja mtu mmoja, na washindi huwa wapatao 22.

Wakfu wa David and Lucile Packard wa jimbo la California huwaalika wakuu wa vyuo vikuu 50, kila mmoja apendekeze watu wawili kutoka nyanja mbalimbali za sayansi na uhandisi. Miongoni mwa hao wasiozidi 100, watu 20 hupata dola 875,000 kila mmoja kwa miaka mitano. Mpango wa Searle, ulioanza mwaka wa 1980, huchagua watafiti 15 kwa mwaka.

Ukipiga hesabu, utaona kwamba aliyeteuliwa kwa ruzuku ya Packard ana nafasi moja kati ya tano ya kushinda. Wa Pew ana takriban moja kati ya tisa. Lakini hesabu hiyo yamhusu aliyekwisha kupata tiketi. Chuo kikubwa chenye kitivo cha tiba chaweza kuwa na maprofesa wasaidizi wengi waliotimiza masharti mwaka huo huo, na wote wakakodolea macho nafasi moja.

Wafadhili wana sababu za kufanya hivyo. Wakfu hizi zina wafanyakazi wachache, na kusoma maelfu ya maombi ni kazi ya gharama kubwa. Isitoshe, chuo ndicho kinachomjua mtafiti na ndicho kitakachompa maabara na muda wa kufanya kazi. Kwa kumteua, chuo huwa kimemdhamini.

Tatizo ni kwamba mzigo wa kuchuja huhamia kwa watu ambao sheria zao hazifanani. Vyuo vingine hutoa tangazo miezi kadhaa mapema, huomba maelezo mafupi ya mradi, huunda kamati kutoka idara mbalimbali na kumweleza aliyekosa sababu za kukosa. Kwingine, uamuzi hutegemea jina ambalo mkuu wa idara amelikumbuka.

Hapo ndipo mcheza kwao hutuzwa. Mwenye mlezi anayesikika katika vikao hupata, na akishapata mara moja huwa rahisi kupata tena. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka wa 1968. Alisema sifa na rasilmali katika sayansi huelekea kumwendea yule ambaye tayari anazo.

Ushahidi wa upendeleo haukosekani hata pale penye kanuni za wazi. Mwaka wa 2011, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulichunguza maombi yaliyopelekwa katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, zijulikanazo kama NIH. Ulionyesha kuwa nafasi ya mtafiti mweusi kufadhiliwa ilikuwa chini ya ile ya mzungu kwa takriban pointi 10 za asilimia, hata baada ya kuzingatia elimu na machapisho yao. Utafiti huo haukuhusu wakfu za kibinafsi. Hata hivyo, ikiwa hayo hutokea mahali ambapo alama hutolewa kwa maandishi, ni haki kuuliza yanayotokea katika kikao cha watu watatu kisicho na kumbukumbu.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka wa 2025. NIH, ambayo bajeti yake imekuwa ikikaribia dola bilioni 47 kwa mwaka, ndiyo mfadhili mkubwa zaidi wa umma wa utafiti wa tiba duniani. Mwaka huo, serikali ya Rais Donald Trump ilifuta ruzuku nyingi zilizokwisha kuidhinishwa, kisha ikapendekeza bajeti hiyo ipunguzwe kwa takriban asilimia 40 katika mwaka wa fedha wa 2026. Pendekezo si sheria, kwani Bunge ndilo hupitisha bajeti. Lakini kwa mtafiti anayeanza, ambaye ana miaka michache tu ya kuthibitisha kwamba anastahili kuajiriwa kwa kudumu, wasiwasi huo pekee unatosha kumfanya abishe kila mlango.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wakfu zitaziba pengo. Ruzuku zote za Pew kwa kundi la washindi 22 ni kama dola milioni 6.6, tone la maji likilinganishwa na bahari ya NIH. Dola 75,000 kwa mwaka haziendeshi maabara.

Thamani yake ni nyingine. Kamati za serikali hupenda mradi ambao tayari una matokeo ya awali, ilhali wakfu hizi huthubutu kumwekea dau mtu mwenye wazo ambalo halijathibitishwa. Craig Mello alipata ruzuku ya Pew mwaka wa 1995. Miaka mitatu baadaye, yeye na Andrew Fire walieleza jinsi chembechembe za RNA zinavyoweza kuzima jeni, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka wa 2006. Jennifer Doudna, mshindi wa Nobel ya kemia mwaka wa 2020 kwa mbinu ya kuhariri jeni, alichaguliwa na Searle mwaka wa 1996 akiwa bado mwalimu mchanga.

Hakuna ajuaye ni akina Doudna wangapi walioachwa katika mchujo wa chuo.

Jambo hili linawagusa Wakenya pia. Ruzuku ya Pew hutazama ajira ya mtafiti, si pasipoti yake. Hivyo basi Mwafrika anayefundisha huko anaweza kushindana, mradi wenzake chuoni wamtaje. Na hapa nyumbani, sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013 iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti, lengo ambalo halijafikiwa. Watafiti wetu wangali wanategemea wafadhili wa nje, na baadhi ya wafadhili hao huweka kikomo cha maombi kwa kila taasisi. Mchujo basi upo hata kwetu.

Dawa yake haihitaji fedha. Tangazo liwafikie wote siku moja. Anayewania, au mlezi wake, asiketi katika kamati. Alama ziandikwe, na aliyekosa aelezwe kwa nini ili ajirekebishe mwaka ujao. Wafadhili nao wanaweza kukitaka chuo kieleze kilivyomteua mtu wake kabla ya kumpokea. Wasipofanya hivyo, wataendelea kumtafuta bora zaidi miongoni mwa wale tu walioruhusiwa kuonekana.