Matembezi Kwanza, Mhadhara Baadaye: Maoni juu ya Kufundisha Mimea

Vyama vya wapenda mimea, popote vilipo ulimwenguni, vina desturi moja inayofanana. Mwaka unapoanza, wanachama hupewa ratiba: siku fulani kutakuwa na mhadhara, na siku fulani kutakuwa na matembezi porini. Hapa Afrika Mashariki desturi hiyo si ngeni. Chama cha wachunguzi wa viumbe na mazingira ya asili kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na tangu hapo mihadhara na matembezi vimekuwa sehemu ya kazi yake. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa Kakonko, Kibondo au Kasulu hana haja ya kungoja chama kama hicho kimfikie. Anao wanafunzi, na nje ya dirisha la darasa lake kuna miti. Kinachokosekana ni ratiba.

Maoni yangu ni kwamba kila mwalimu mtarajiwa atoke chuoni akiwa na ratiba ya namna hiyo katika azimio lake la kazi, na kwamba katika ratiba hiyo matembezi yatangulie na mhadhara ufuate. Mazoea yetu ni kinyume. Mwalimu huchora mharage ubaoni, huandika mzizi, shina, jani na ua, kisha wanafunzi hunakili. Muda ukibaki, huwatoa nje wakathibitishe yale waliyokwisha kuambiwa. Mtoto aliyefundishwa hivyo hutoka nje akiwa na majibu kabla ya kuwa na swali. Hivyo hutazama haraka na kuona machache.

Tuchukue mfano mmoja. Katika misitu ya miombo ya nyanda za juu za Kigoma, mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi imekauka na mvua haijanyesha, miti mingi kama mtundu huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu. Mpeleke mtoto akaone, nawe unyamaze. Punde atauliza mwenyewe: mti huu umepata wapi maji? Hapo ndipo mhadhara unapostahili kuanza. Mweleze juu ya mizizi iendayo chini sana, na juu ya maji ambayo mti umeyaweka akiba mwilini mwake. Maelezo hayo hayo yakitolewa kabla ya swali hunakiliwa na kusahauliwa; yakitolewa baada ya swali huwa mali ya mtoto.

Ratiba ya mwaka ifuate majira ya mahali penyewe. Muhula wa kwanza, maharage yanapokuwa shambani, kila kikundi king'oe mche mmoja kwa uangalifu na kutazama vifundo vidogo mizizini. Wapasue kifundo kimoja: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Wakati wa kiangazi, wasikilize mlio wa makumbi ya mtundu yanapopasuka na kurusha mbegu, kisha wapime kwa hatua mbegu imefika umbali gani kutoka shinani. Waokote pia tunda la mninga, lenye bawa la mviringo na miiba katikati, walirushe hewani, wafikiri bawa hilo ni la nini. Mvua zinapoanza, waende kutazama uyoga.

Juu ya uyoga sharti mwalimu aweke amri isiyovunjwa: hakuna kuonja, wala kupeleka nyumbani kilichookotwa katika matembezi ya shule. Uyoga wa sumu unaweza kufanana sana na ule unaoliwa, na kosa moja laweza kuua. Lakini hofu isitufanye tuliache somo lenyewe, maana lina jambo kubwa. Aina nyingi za uyoga wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama mtundu: mti hutoa sukari, na kuvu hutoa maji na madini kutoka udongoni. Mti ukikatwa, uyoga huo nao hutoweka. Ule uotao juu ya vichuguu una maisha mengine, kwa kuwa kuvu wake hulimwa na mchwa. Mtoto aelewaye tofauti hiyo ataelewa pia kwa nini mama yake huenda mbali zaidi kutafuta uyoga kuliko bibi yake alivyokwenda.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Misitu ya wilaya zetu imepungua kwa mashamba mapya, kwa mkaa, kwa kukausha tumbaku, na kwa kuni za maelfu ya watu waliokimbilia mkoani Kigoma tangu miaka ya 1990. Haifai kumlaumu aliyekimbia vita akahitaji kupika. Yafaa kujiuliza kama watoto tunaowafundisha leo wataujua msitu vya kutosha hata wautunze. Mche wa mninga, mathalani, hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukizidi kunenepa chini, mpaka siku shina litakapopata nguvu ya kusimama. Asiyejua hayo huuona umekauka, akaung'oa au akauchoma moto. Mti wa thamani kubwa hupotea kwa sababu ya somo ambalo halikufundishwa.

Suala la majina nalo lisitupite. Kitabu kikuu cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, nacho kinaeleza aina zaidi ya 12,000. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya wataalamu. Mwanafunzi wa darasa la nne aanze na jina la Kiha alilolisikia nyumbani, kisha alipate la Kiswahili; jina la kitaalamu libaki katika daftari la mwalimu. Ikitokea watoto wa vijiji viwili wakauita mti mmoja kwa majina mawili, mwalimu asiseme mmoja amekosa. Ayaandike yote mawili ubaoni, kisha aeleze kwamba kwa sababu hiyo hiyo wataalamu walihitaji jina moja kwa ulimwengu mzima.

Na mhadhiri atakuwa nani? Mwalimu asijitwike mzigo wote. Wilaya hizi zina wafuga nyuki hodari ambao hujua kila mti hutoa maua mwezi gani. Mmoja wao akialikwa shuleni baada ya matembezi, na watoto wakiwa na maswali yaliyokwisha kuandikwa, nusu saa yake itazidi faida ya kurasa nyingi.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Darasa lina wanafunzi themanini. Muda ni mfupi. Nyasi zina nyoka. Ni kweli. Basi wagawe katika vikundi vya watu wanane, kila kikundi na kiongozi wake na swali moja tu la kujibu. Upite wewe kwanza njia watakayopita, siku moja kabla. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa mapema, umwonyeshe andalio la somo. Usiende mbali: mti mmoja wa uwanjani, ukitazamwa kila mwezi na kuandikwa habari zake, hufundisha kuliko safari moja ndefu ya kila mwaka. Wala watoto wasivunje matawi ovyo kwa kisingizio cha zana za kufundishia. Jani lililoanguka latosha.

Ndugu mwanachuo, kabla hujaenda katika mazoezi ya kufundisha, zunguka kwanza eneo la chuo chako na uandike mimea kumi usiyoijua. Uliza majina yake kwa wapishi, kwa walinzi na kwa wazee wa jirani. Ukishindwa kupata kumi usiyoijua, hapo utakuwa tayari kufundisha.