Kila eneo la doria Nairobi liwe na mwenyewe

Septemba 13, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza muundo mpya wa polisi. Zaidi ya maafisa 24,000 wa Polisi wa Utawala wakahamishiwa Polisi wa Kenya, sare ikawa ya samawati na kaunti ndogo ikakabidhiwa kamanda mmoja. Hatua hiyo ilistahili. Kwa miaka mingi mtaa mmoja ulikuwa na vikosi viwili visivyopokea amri kwa mkubwa mmoja, na palipoharibika kila upande ulimsukumia mwenzake lawama.

Lakini mageuzi hayo yaliishia mlangoni pa mkuu wa kituo (OCS). Kutoka hapo kushuka chini, mahali ambapo raia hukutana na serikali usiku, hakuna anayejua nani ni nani. Mkazi wa Kayole anamjua chifu wake kwa jina. Sajini anayesimamia doria ya mtaa wake hamjui, wala hana pa kuuliza ni konstebo gani waliokuwa zamu jana. Anachokiona ni gari la polisi likipita.

Gari kupita tu si ulinzi. Kati ya Oktoba 1972 na Septemba 1973, polisi wa Kansas City nchini Marekani walifanya jaribio katika maeneo 15 ya doria. Matano yaliondolewa magari ya doria, ambayo yaliingia tu yalipoitwa. Matano yakabaki na kiwango cha kawaida. Matano yakaongezewa mara mbili hadi tatu. Mwaka ulipokwisha, uhalifu haukutofautiana kwa namna ya maana, na hofu ya wananchi vilevile. Tangu wakati huo hakuna mkuu wa polisi mwenye haki ya kutuambia kwamba dawa ni Land Cruiser zaidi.

Tunadai mpango mwingine. Kila kituo cha Nairobi kiyagawe maeneo yake kwa mipaka inayoeleweka na mwananchi: kutoka barabara fulani hadi mto fulani. Kila eneo liwe na sajini wake na konstebo walewale, wasiohamishwa kabla ya mwaka kwisha ila kwa sababu iliyoandikwa. Majina yao yabandikwe kituoni na katika ofisi ya chifu. Kila zamu inapoanza, iandikwe nani ametoka, kwa gari gani na kwa bunduki ipi.

Mwishoni mwa Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu. Ilibidi IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ichunguze ndipo afisa akafikishwa mahakamani. Familia inapozika mtoto, swali la nani alikuwa kwenye mtaa ule na silaha ipi lapasa kujibiwa na kitabu cha kituo asubuhi ileile.

Sheria iko upande wetu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 linamtaka afisa mwenye sare avae beji ya jina au nambari ya huduma mahali panapoonekana. Anayeificha beji hiyo avunja sheria anayolipwa kuilinda, na sajini anayemwona akanyamaza anastahili lawama sawa naye.

Wako watakaosema askari ni wachache. Basi uchache huo ndio unaodai kila mmoja ajulikane alipo. Hoja nzito zaidi ni kwamba askari akikaa mtaa mmoja muda mrefu atazoeana na wauza chang'aa na kuanza kula nao. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo hongo inakusanywa leo na watu tusiowajua majina, na mashtaka dhidi ya mtu asiyejulikana hayafiki popote. Mwenye jina ubaoni anaweza kushtakiwa IPOA na mama mboga aliyetozwa naye hongo.

Inspekta Jenerali hahitaji sheria mpya wala bajeti ya ziada kwa hili. Anahitaji kutoa amri. Vituo vya Mathare vianze, na orodha zao zibandikwe kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha.